Tarehe 17 Januari: Siku Haina Hatia



Katika kalenda ya nchi yetu, tarehe 17 Januari ni siku ya mapumziko. Shule na ofisi hufungwa, na taifa humkumbuka Patrice Emery Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Siku moja kabla yake, tarehe 16 Januari, tunamkumbuka Rais Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa risasi Kinshasa mwaka 2001. Mwanzoni mwa mwezi huohuo, tarehe 4, tunawakumbuka waliouawa Léopoldville mwaka 1959, wakati wananchi walipoinuka kudai uhuru. Nao ndugu zetu wa Goma wana kumbukumbu yao wenyewe: ilikuwa tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipomwaga moto wake hadi katikati ya mji.

Kwa hiyo si ajabu kuwasikia watu wakisema kwamba Januari ni mwezi wa mkosi kwa Kongo, na kwamba tarehe 17 hasa ina laana juu yake. Husemwa matangani, husemwa njiani, na wakati mwingine husemwa hata katika mikutano yetu ya vijana. Maneno hayo yana faraja ya namna yake, kwa kuwa yanatoa jibu la haraka kwa maumivu ya siku nyingi. Lakini jibu la haraka linapaswa kupimwa. Katika tafakari hii tutaitazama siku hiyo moja jinsi ilivyopita katika miaka mbalimbali na katika nchi mbalimbali, tukijiuliza swali moja tu: siku yenyewe ilitenda nini?

Tarehe ni jina tulilolitoa sisi

Tuanze na jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii. Kalenda tunayoitumia ilitengenezwa na wanadamu, nao wamewahi kuirekebisha. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliamuru siku kumi ziondolewe, kwa kuwa hesabu ya zamani ilikuwa imeachana na mwendo wa jua. Mwaka huo, huko Roma, watu walilala usiku wa tarehe 4 Oktoba, wakaamka asubuhi ya tarehe 15 Oktoba. Ina maana kwamba tarehe 17 Januari ya mwaka 1377, ambayo tutaizungumzia hivi punde, haikuangukia mahali palepale pa mwaka ambapo tarehe 17 Januari inaangukia leo.

Tena, dunia nzima haiingii katika siku moja kwa wakati mmoja. Mji wa Kobe, huko Japani, ulipotikiswa na tetemeko kubwa la ardhi saa 11:46 alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, hapa Goma na Lubumbashi ilikuwa bado saa 4:46 usiku wa tarehe 16. Tetemeko ni moja na dakika ni ileile, ila tarehe ni mbili. Kama tarehe ingekuwa na nguvu ya kuleta maafa, tungeuliza: ni tarehe ipi kati ya hizo mbili iliyoyaleta?

Tunayaeleza haya ili tuweke msingi. Tarehe ni alama tunayoiweka juu ya wakati ili tuweze kukumbuka na kupatana. Alama hiyo ina faida kubwa, lakini haina mikono ya kutenda wema wala ubaya.

Siku ya Antoni na siku ya Katarina

Muda mrefu kabla ya mambo ya Katanga na ya Goma, Kanisa lilikuwa limeiandika tarehe hii katika kalenda yake. Ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abate, Mwafrika wa Misri, aliyefariki mwaka 356 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Alipokuwa kijana, wazazi wake walikuwa wamefariki na kumwachia mashamba. Siku moja aliingia kanisani, akasikia Injili ya yule tajiri aliyeambiwa auze mali zake na kuwapa maskini. Antoni aliyapokea maneno hayo kama yaliyosemwa kwake binafsi. Akagawa mali, akaenda kuishi jangwani katika sala na kazi za mikono. Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliandika maisha yake, na kwa njia ya kitabu hicho mfano wa mkulima huyo wa Misri ulienea hadi Ulaya. Tarehe 17 Januari ilipata heshima kutokana na uamuzi wa kijana mmoja aliyeishi kulingana na alichosikia.

Miaka zaidi ya 1000 baadaye, tarehe 17 Januari 1377, Papa Gregori XI aliingia mjini Roma. Tangu mwaka 1309 mapapa walikuwa wamehamia Avignon, katika nchi inayoitwa leo Ufaransa. Roma iliachwa katika ghasia na umaskini, na watu wengi waliona kwamba mchungaji amekaa mbali na kundi lake. Kati ya waliomsihi Papa arudi alikuwemo Katarina wa Siena, ambaye mwaka 1376 alisafiri hadi Avignon kuzungumza naye. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 29 hivi. Hakuwa mtawa wa ndani ya monasteri. Alikuwa mwanachama wa utawa wa tatu wa Mtakatifu Dominiko, akiishi nyumbani kama walei wenzake wa Siena, binti wa mpiga rangi wa nguo. Barua zake nyingi aliwasomea wengine, nao wakaziandika. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Kwa Roma ilikuwa siku ya furaha. Hata hivyo, Gregori XI alifariki mwaka uliofuata, na mara mafarakano makubwa yakazuka, wakiwepo watu wawili, na baadaye watatu, kila mmoja akidai kuwa Papa halali. Umoja ulirudi mwaka 1417 tu. Basi, siku iliyoanza kwa nderemo haikuwahakikishia watu kesho njema. Kila kizazi kilipaswa kuamua upya. Ikiwa siku njema haiwezi kutulinda kwa nguvu zake yenyewe, kwa nini tuamini kwamba siku mbaya inaweza kutuangamiza kwa nguvu zake yenyewe?

Katanga, 1961

Sasa tufike kwenye lile linalotugusa zaidi. Tunaomba vijana wasome sehemu hii polepole, kwa maana tunayataja mambo kwa mpangilio wake, na mpangilio huo ndio wenye fundisho.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, akiungwa mkono na maofisa wa Ubelgiji na kampuni ya madini ya Union Minière. Tarehe 5 Septemba Rais Joseph Kasa-Vubu alimwondoa Lumumba madarakani, na tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu alitwaa mamlaka. Lumumba aliwekwa chini ya ulinzi katika nyumba yake. Mwishoni mwa Novemba alitoroka ili awafikie wafuasi wake huko Stanleyville, akakamatwa katika eneo la mto Sankuru mwanzoni mwa Desemba, kisha akafungwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, yaani Mbanza-Ngungu ya leo.

Tarehe 13 Januari 1961 askari wa kambi hiyo waliasi wakidai malipo yao. Wakuu wa Léopoldville waliogopa kwamba mfungwa wao angeweza kuachiliwa huru. Wakaamua kumpeleka mahali ambapo adui zake walikuwa na mamlaka. Waziri wa Ubelgiji aliyeshughulikia mambo ya Afrika alituma ujumbe kusisitiza kwamba Katanga impokee. Asubuhi ya tarehe 17, Lumumba alitolewa kambini pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, aliyekuwa makamu wa mwenyekiti wa Seneti. Walipigwa vibaya ndani ya ndege. Walitua Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, jioni. Wakapelekwa katika nyumba moja nje kidogo ya mji, wakateswa tena. Usiku ule, baada ya saa 3:30, walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine, porini, umbali wa kilometa 50 hivi kutoka mjini. Mawaziri wa Katanga walikuwepo, na maofisa wa Kibelgiji walikuwepo. Lumumba alikuwa na umri wa miaka 35.

Katika siku zilizofuata, maiti zilifukuliwa, zikakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali ili lisibaki kaburi. Kazi hiyo iliongozwa na ofisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ilitangaza kwamba wafungwa walikuwa wametoroka, na kwamba wanakijiji ndio waliowaua.

Tuangalie vizuri uongo ule ulivyofanya kazi. Waliohusika walihitaji mtu mwingine wa kubeba hatia, wakawachagua wanakijiji ambao hawakutajwa majina na ambao hawangeweza kujitetea. Nasi tunaposema leo kwamba Lumumba alikufa kwa sababu ya mwezi wa mkosi, tunaendelea na kazi ileile bila kujua. Hatia inatolewa mabegani mwa watu na kutwikwa siku, na siku haiwezi kufikishwa mahakamani wala kuulizwa neno. Mkosi hauna jina wala sahihi, lakini amri ya kumhamisha mfungwa huwa na sahihi ya mtu. Ndege ina rubani, na bunduki ina mwenye kuishika.

Ukweli ulichelewa, lakini haukufa. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji wa wakati ule walikuwa na wajibu wa kimaadili katika mazingira yaliyosababisha kifo hicho, na Februari 2002 serikali ya nchi hiyo iliomba radhi. Soete mwenyewe alikuwa ametunza jino la Lumumba. Mwaka 2016 vyombo vya sheria vya Ubelgiji vililichukua kutoka kwa familia ya ofisa huyo. Tarehe 20 Juni 2022 lilikabidhiwa kwa watoto wa marehemu, likatembezwa katika nchi aliyoipenda, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022. Miaka 61 ilipita kabla familia haijapata kitu cha kuzika.

Hatuandiki haya ili vijana wa jimbo moja wawachukie vijana wa jimbo jingine, wala ili tuseme kwamba lawama yote ni ya wageni. Katika orodha ya waliohusika wamo Wakongo na wamo Wabelgiji. Wako walioamuru na walionyamaza, na wako pia waliofurahi kwa siri. Orodha hiyo inatufundisha zaidi kuliko neno mkosi.

Tuongeze tukio moja la siku hiyohiyo. Saa chache baada ya risasi za Katanga, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alilihutubia taifa lake kwa televisheni kuliaga, kwa kuwa alikuwa akitoka madarakani. Katika hotuba hiyo mashuhuri aliwaonya raia wake juu ya nguvu kubwa ya jeshi na viwanda vya silaha vikishirikiana ndani ya nchi huru. Lilikuwa onyo la hekima. Lakini mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza kwamba katika utawala wake shirika la ujasusi la nchi hiyo lilikuwa limeandaa sumu ya kumuua Lumumba, ingawa siyo sumu hiyo iliyomuua. Mtu mmoja anaweza kutoa onyo jema jioni, huku serikali yake ikiwa imepanga ubaya kwingine. Hata hapo, aliyetenda ni mtu.

Wengine walioipitia siku hii

Tukidhani kwamba Wakongo peke yao ndio walioumizwa tarehe 17 Januari, tutakuwa tumewasahau wengine. Tutaje mataifa mawili yaliyopitia jambo linalofanana na letu: kwanza dhuluma, kisha ukweli uliochelewa.

Tarehe 17 Januari 1893, katika visiwa vya Hawaii, Malkia Liliuokalani aliondolewa kwenye kiti chake. Waliomwondoa walikuwa kundi la wafanyabiashara na watu wenye asili ya Ulaya na Marekani, wengi wao wakiwa na masilahi katika biashara ya sukari. Askari wa majini wa Marekani walikuwa wameshuka pwani siku iliyotangulia. Malkia alikubali kuachia mamlaka huku akipinga, kwa sababu hakutaka damu ya watu wake imwagike. Mwaka 1898 visiwa vilitwaliwa na Marekani. Miaka 100 baada ya tukio, mwaka 1993, bunge na rais wa Marekani walitoa tamko rasmi la kuwaomba radhi wenyeji wa Hawaii. Anayekumbuka shaba ya Katanga hatahitaji kuelezwa sana habari ya sukari ya Hawaii.

Tarehe 17 Januari 1945, Vita vya Pili vya Dunia vikikaribia kwisha, Raoul Wallenberg aliondoka Budapest, mji mkuu wa Hungaria, akisindikizwa na askari wa Kisovieti. Huyu alikuwa mwanadiplomasia wa Uswidi, mwenye umri wa miaka 32. Kwa muda wa miezi sita alikuwa amewagawia Wayahudi hati za ulinzi zenye nembo ya nchi yake na kuwaweka katika nyumba alizozikodi, na kwa njia hiyo maelfu waliokolewa na mauaji ya Wanazi. Alisema anakwenda kuonana na mkuu wa jeshi la Kisovieti katika mji wa Debrecen. Hakurudi. Mwaka 1957 serikali ya Kisovieti ilitangaza kwamba alifia gerezani Moscow mwaka 1947. Familia yake haikupata mwili wa kuzika, kama vile familia ya Lumumba ilivyokosa.

Tarehe ni moja, na hadithi hizi zinafanana, lakini anayetaka kujua kwa nini yalitokea hatasaidiwa na kalenda. Ataulizia sukari, ataulizia madini, ataulizia hofu za wakuu wa vita. Huko ndiko kwenye sababu.

Mlima na ardhi

Huenda kijana mmoja akasema: haya, mauaji na mapinduzi ni kazi ya watu, lakini volkano je? Nani alitia sahihi amri ya Nyiragongo? Swali hilo ni la haki, na tulijibu kwa uangalifu.

Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2002, ubavu wa kusini wa mlima ulipasuka. Nyufa zilishuka kuelekea Goma, na mto wa mawe yaliyoyeyuka ukapita katikati ya mji hadi ziwa Kivu. Sehemu ya uwanja wa ndege ilifunikwa. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Watu wapatao laki kadhaa walikimbia, wengi wao wakavuka mpaka na kuingia Gisenyi, nchini Rwanda. Siku chache baadaye, kituo kimoja cha mafuta kililipuka wakati watu walipokuwa wakichota mafuta, na makumi ya watu wakafa mahali hapo.

Ni kweli kwamba hakuna mtu aliyeuamuru mlima ulipuke. Lakini mlima wenyewe haukuwa siri. Ulikuwa umeshalipuka tarehe 10 Januari 1977 na kuua watu wengi. Wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma walikuwa wameona dalili kabla ya mwaka 2002, lakini nchi ilikuwa imegawanyika kwa vita, fedha za vifaa zilikosekana, na hapakuwa na mpango wa kuwahamisha watu. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa mlima hauwezi kuzibwa na mtu, lakini ufa wa maandalizi unaweza. Tena, mlima haukusubiri Januari: ulilipuka upya tarehe 22 Mei 2021.

Watu wa Goma wanajua neno mazuku. Ni hewa inayojikusanya mabondeni na mashimoni karibu na ziwa, nayo huua mifugo na watu, wakiwemo watoto. Zamani wengi waliiogopa kama upepo mbaya tu. Leo inajulikana kuwa ni hewa ya kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida na ndiyo maana hukaa chini. Anayeamini kwamba ni upepo wa mkosi hana la kufanya ila kuogopa. Anayejua ni kitu gani atamkataza mtoto kushuka shimoni, hasa wakati wa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Hapo tunaona tofauti kati ya hofu na maarifa, nayo hupimwa kwa uhai wa mtoto.

Turudi sasa Kobe, tuliyoitaja mwanzoni. Katika tetemeko lile la mwaka 1995 walikufa watu zaidi ya 6,000. Wengi waliangukiwa na nyumba za zamani za mbao zenye mapaa mazito ya vigae. Nyumba zilizojengwa kufuata sheria mpya za mwaka 1981 zilistahimili vizuri zaidi. Watu wengi waliokolewa na majirani waliofukua vifusi kwa mikono yao kabla msaada wa serikali haujafika. Kisha wakaja watu wa kujitolea kutoka pande zote za Japani, wengi wao vijana, waliogawa chakula na maji na kukaa na wazee waliobaki peke yao. Serikali ikaamua kwamba tarehe 17 Januari iwe kila mwaka siku ya kujikinga na maafa na ya kazi za kujitolea. Hadi leo, alfajiri ya siku hiyo, wakazi wa Kobe huwasha taa katika bustani ya mji, hunyamaza saa 11:46, na katika siku hizo hufanya mazoezi ya kujiokoa. Hawakuifuta siku hiyo katika kalenda, wala hawakuiita ya laana. Wameipa kazi.

Tuipe siku hii kazi

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Siku haina hatia, wala haina stahili. Tukiilaani, mambo mawili mabaya yanafuata. La kwanza, waliotenda dhuluma wanaachiliwa, kwa kuwa lawama imepewa kitu kisichoweza kuulizwa. La pili, sisi wenyewe tunaachiliwa wajibu wetu, kwa kuwa anayengoja mkosi hatayarishi kitu, hajengi vizuri wala hajifunzi. Kwa taifa kama letu, lenye milima ya moto, madini mengi na historia ya majeraha, hatuna nafasi ya kujiachilia namna hiyo.

Tunawapendekezea basi kwamba mwaka ujao, tarehe 17 Januari, kikundi cha vijana kisiifanye kuwa siku ya kulala tu. Wale wa Lubumbashi na Likasi waulize wazee walioishi miaka ya 1960, waandike wanayosimuliwa, na wayalinganishe na vitabu kabla ya kuyaamini. Wale wa Goma wawafundishe wadogo zao njia za kukimbilia na mahali penye mazuku. Wale wa Bukavu, Kisangani, Kalemie na kwingineko waulize ni hatari gani inayojulikana katika mtaa wao na bado haijaandaliwa chochote: mto unaofurika, mlima unaoporomoka, nyaya za umeme zinazoning'inia. Katika sala ya siku hiyo tuwataje kwa majina Patrice, Maurice na Joseph, maana wawili wa mwisho husahauliwa mara nyingi. Tuwaombee pia marehemu wa Goma, ambao wengi wao majina yao yanajulikana na jamaa zao peke yao.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika familia au mtaa wetu, ni msiba gani tumezoea kuuita mkosi, ilhali sababu yake inaweza kujulikana na kutajwa?

2. Katika habari ya mwaka 1961 wako walioamuru, waliotekeleza, walionyamaza na waliosingiziwa. Katika mambo ya shuleni, parokiani au mtaani kwetu leo, sisi tunasimama upande upi?

3. Antoni na Katarina walikuwa vijana walipoanza. Ni uamuzi gani ambao kikundi chetu kinaweza kuuchukua mwezi huu, bila kungoja mtu mkubwa atuamulie?

4. Watu wa Kobe wameigeuza siku ya maafa kuwa siku ya kujitolea. Sisi tuipe tarehe 17 Januari kazi gani hapa petu, na nani atasimamia kazi hiyo?